Gurudumu, mnyororo au vitanzi: kuchagua seti kubwa ya LEGO ya viwanja vya bembea

LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuunganisha, ilipotoa mwaka 2022 rolakosta (treni ya bembea inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka) yenye vitanzi viwili vya kupita kichwa chini, wapenzi wa matofali haya waligawanyika mara moja. Kundi moja lilishangilia: tangu ilipotoka rolakosta kubwa ya mwaka 2018 walikuwa wakiomba kitanzi, na sasa wamepewa viwili. Kundi la pili liliuliza mnyororo umekwenda wapi, maana treni mpya inapandishwa na lifti badala ya kuvutwa kwenye mteremko huku ikigonga tatata kama rolakosta za kweli. Kundi la tatu halikufika hata kwenye vitanzi. Liliishia kwenye bei, dola 399.99 za Marekani, na mota haimo ndani ya boksi.

Ubishi huo naupenda, kwa sababu ndani yake kuna msaada mkubwa kwa mtu anayetaka kununua. Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba hawabishanii kitu kimoja. Yuko anayetaka kuona treni ikikimbia, tena na tena. Yuko anayetaka majira ya jioni ya kujenga, na akishamaliza hajali sana kama kitu kinazunguka au kimesimama. Yuko anayetaka pambo la kuvutia macho ya wageni. Kila mmoja anaipima seti ileile kwa mizani yake, na kila mmoja ana haki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize utakuwa unaifanyia nini miezi mitatu baada ya kuimaliza.

Hapa nalinganisha seti tatu ambazo watu hukwama kati yake: gurudumu la bembea la mwaka 2015 (namba 10247), rolakosta ya mnyororo ya mwaka 2018 (namba 10261) na rolakosta ya vitanzi ya mwaka 2022 (namba 10303). Ya nne, nyumba ya mizimu ya mwaka 2020 (namba 10273), nitaipitia kwa kifupi, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mtu asiye na nafasi. Ziandike namba hizo mahali, maana ndizo za kutafutia unapoingia sokoni, na hazibadiliki kwa lugha wala nchi.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni mwendo: kitu kikishajengwa kinafanya nini, na kinafanya kwa uhakika kiasi gani. Nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu mtu hanunui bembea ili aitazame ikiwa imesimama.

Cha pili ni ujenzi. Wingi wa vipande hauonyeshi raha ya kujenga. Kuna seti za vipande elfu nne ambazo nusu yake unarudia hatua ileile.

Cha tatu ni nafasi na mwonekano. Watu wengi hupima upana wa meza wakasahau kimo cha rafu.

Cha nne ni gharama yote, pamoja na mota, betri na usafiri, maana bei ya kwenye boksi ni mwanzo tu.

Takwimu za msingi ni hizi:

| | Gurudumu 10247 | Mnyororo 10261 | Vitanzi 10303 | Nyumba ya mizimu 10273 |
|---|---|---|---|---|
| Mwaka | 2015 | 2018 | 2022 | 2020 |
| Vipande | 2,464 | 4,124 | 3,756 | 3,231 |
| Kimo | sm 60 | sm 53 | sm 92 | sm 68 |
| Upana | sm 53 | sm 88 | sm 85 | sm 25 |
| Bei ya kwanza Marekani | $199.99 | $379.99 | $399.99 | $249.99 |
| Kwa kila kipande | senti 8 | senti 9 | karibu senti 11 | karibu senti 8 |

Mstari wa mwisho, wa bei kwa kila kipande, ndio uliowasha moto mwaka 2022. Ukigawanya bei kwa idadi ya vipande, rolakosta ya vitanzi inaonekana ghali kuliko zote. Lakini hesabu hiyo ina upungufu. Kipande kimoja cha reli ndefu kinahesabiwa kimoja, na kigae kidogo kuliko ukucha nacho kinahesabiwa kimoja. Seti yenye reli nyingi na kubwa itaonekana ghali siku zote kwa mtindo huo. Hilo halimaanishi kwamba bei ni nafuu, la hasha. Linamaanisha kwamba ukitaka kuilalamikia, tafuta sababu nyingine. Zipo.

Gurudumu la bembea (10247)

*Mwendo.* Unazungusha hendeli, gurudumu linazunguka, na vibanda kumi na viwili vinaning'inia vikibaki wima. Basi. Hakuna cha kukwama wala cha kuruka nje ya reli, kwa sababu reli hakuna. Kanuni moja tu inahitaji kuangaliwa: mzigo. Ukiwaweka vijitu wote upande mmoja, upande huo unakuwa mzito, hendeli inakuwa ngumu inapopanda na gurudumu linajivuta lenyewe linaposhuka. Wagawe kwa kukabiliana, mmoja hapa na mwenzake upande wa pili, na mwendo unalainika. Ndivyo wanavyofanya hata waendeshaji wa magurudumu ya kweli wanapopakia abiria.

*Ujenzi.* Hapa ndipo lawama kubwa ya mashabiki ilipo, na ni ya haki. Vibanda ni kumi na viwili, na rangi zikibadilika, mikono inafanya kazi ileile mara kumi na mbili. Kisha kuna spoku za gurudumu, nazo zina marudio yake. Wapo wanaoichukia sehemu hiyo. Wapo wanaoipenda, hasa wanaojenga wakiwa wawili watatu mezani: mmoja anapanga vipande kwa mafungu, mwingine anaunganisha, stori zinaendelea. Kwa familia yenye watoto wa umri tofauti, marudio hayo yana faida, maana hata mdogo akishajifunza kibanda cha kwanza anaweza kukabidhiwa cha tano akimalize peke yake.

*Nafasi na mwonekano.* Kwa mtazamo wangu hakuna seti ya bembea ya LEGO inayotambulika haraka kuliko hii. Umbo la duara linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, na halihitaji maelezo. Lina ukoo mrefu pia: gurudumu la kwanza la aina hii, la mhandisi George Washington Gale Ferris, lilisimama kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi na mabehewa 36, kila moja likibeba hadi watu 60. Seti ni ya sentimita sitini, na inakaa kwenye meza ndogo bila kuitawala yote.

*Gharama.* Haitengenezwi tena, kwa hiyo unanunua kwa wauzaji binafsi au iliyotumika. Usitegemee kuipata kwa zile dola 199.99.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kitu kinachofanya kazi kila mara bila kurekebishwa, na anayetaka pambo linalozunguka taratibu. Haimfai anayetaka kasi. Mtoto wa miaka minane atalizungusha kwa furaha, kisha atauliza, halafu?

Rolakosta ya mnyororo (10261)

*Mwendo.* Treni mbili zenye mabehewa matatu kila moja, reli nyekundu juu ya nguzo nyeupe, na mnyororo unaovuta treni hadi kileleni. Unazungusha hendeli, treni inashikwa na mnyororo, inapanda polepole, inafika juu, inasita kidogo, kisha inajiachia. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya bembea sikukuu ya Idi anaijua ile nukta ya kusita. Ndiyo inayowafanya mashabiki wa seti hii waitetee hadi leo: inaiga mambo yote mawili ya rolakosta, hofu ya kupanda na raha ya kushuka. Kwa kuwa treni ni mbili, moja inaweza kupanda wakati nyingine inakimbia, na kiwanja kizima kinaonekana kiko kazini.

Udhaifu wake ni reli. Reli za aina hii zilionekana kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2017 katika seti ya jumba la Joker, adui wa Batman, na rolakosta ya 2018 ikazitumia kwa wingi. Kila inapokutana reli na reli kuna kiungo, na kila kiungo kinaweza kula mwendo kidogo. Treni ikianza kusimama kabla ya kufika kituoni, usikimbilie kubomoa. Pitisha ukucha juu ya reli kuanzia kileleni kwenda chini. Ukucha ukigonga mahali, kiungo hicho hakijakaa sawa. Kibane kwa kidole gumba hadi usikie kimeingia. Kisha futa vumbi kwenye reli na kwenye magurudumu ya behewa, na hakikisha meza haijainama. Mambo hayo matatu humaliza matatizo mengi.

*Ujenzi.* Vipande 4,124 ni vingi, na nguzo zinarudiwarudiwa. Lakini kuna pumzi: kuna kituo cha kupandia, kibanda cha tiketi, kigari cha pamba ya sukari, na bwawa chini ya reli. Kila unapochoka na nguzo unapewa kitu kidogo cha kupendeza. Binafsi naona mpangilio huo umefikiriwa vizuri kuliko wa seti nyingine zote tatu, na ni jambo ambalo picha ya boksi haiwezi kukuonyesha.

*Nafasi na mwonekano.* Upana wa sentimita 88 na kina cha sentimita 41: hiyo ni meza nzima. Rafu ya kawaida ya vitabu haiibebi. Ukiitazama kwa mbali unaona msitu wa nguzo nyeupe, na wapo wasioupenda, wakisema unaficha treni. Wengine, nami nikiwamo, wanaona nguzo hizo ndizo uzuri wenyewe, kwa sababu rolakosta za zamani zilikuwa hivyohivyo, nguzo juu ya nguzo.

*Gharama.* Nayo imeondoka kiwandani. Ukinunua iliyotumika, omba picha ya mnyororo ukiwa umenyooshwa, picha ya treni zote mbili, na picha ya nguzo kwenye mwanga wa mchana. Plastiki nyeupe iliyokaa juani hugeuka rangi ya siagi, na nguzo zikigeuka nusu tu, seti nzima inaonekana chafu hata ikiwa safi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuona kiwanja kizima chenye uhai, mwenye meza ya kudumu, na mwenye nia ya kuiongezea vitu pembeni. Wanaojenga mji wa LEGO huichagua hii mara nyingi. Haimfai anayehamahama nyumba: kuisogeza kutoka chumba hadi chumba ni kazi ya watu wawili na ubao wa chini.

Rolakosta ya vitanzi (10303)

*Mwendo.* Treni ya mabehewa matatu inaingia kwenye lifti, inapandishwa hadi juu ya mnara wa sentimita 92, inaachiwa, inashuka, inapita kitanzi cha kwanza, inapita cha pili, inarudi kituoni. Ni suala la sekunde chache. Mara ya kwanza mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, husema tena.

Ule ubishi wa lifti na mnyororo unahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi walidhani kampuni ilikwepa kazi. Ili treni ipite kitanzi bila kuanguka ikiwa kichwa chini, lazima ifike juu ya kitanzi ikiwa na kasi ya kutosha. Hesabu ya fizikia inasema kwamba, hata kusingekuwa na msuguano wowote, treni lazima ianzie juu zaidi ya kilele cha kitanzi, kwa kiasi cha nusu ya nusukipenyo chake. Treni ya plastiki ina msuguano, tena mwingi, kwa hiyo inahitaji kimo zaidi ya hapo. Sasa chukua kimo kinachokaribia mita moja, kisha jaribu kukifikia kwa mteremko wa mnyororo wa nyuzi 45. Mteremko huo peke yake ungehitaji karibu mita moja ya meza, kabla hujaweka kitanzi hata kimoja. Lifti inapanda wima na kurudisha meza yote kwa vitanzi.

Kwa hiyo waliokasirikia lifti walikuwa na sababu ya moyo, na wabunifu walikuwa na sababu ya meza. Mimi sioni aliyekosea. Mnyororo una utamu wake ambao lifti haina: treni ikiwa ndani ya lifti unasubiri, na katika kusubiri huko hakuna ile hofu inayopanda hatua kwa hatua. Lakini aliyetaka mnyororo pamoja na vitanzi katika boksi moja alikuwa anaomba seti ambayo isingeingia mlangoni.

Lawama nyingine ilikuwa ya kuaminika kwake. Treni ikipungukiwa kasi kidogo kwenye rolakosta ya mnyororo, inachelewa. Ikipungukiwa kasi kwenye kitanzi, inarudi nyuma au inakwama. Uvumilivu wa makosa ni mdogo zaidi, na ule ukaguzi wa ukucha ni lazima. Ijenge juu ya meza isiyotikisika, na kila baada ya kuisogeza kagua viungo vya vitanzi kwanza.

*Ujenzi.* Mnara ndio moyo wake, na ni ujenzi wa kifundi, wenye gia na mihimili. Wanaopenda kuelewa mashine zinavyofanya kazi walifurahi sana hapa. Waliokuja kwa ajili ya vibanda na bustani waliona pamepwaya, wakalinganisha na rolakosta ya 2018 na kusema mandhari ya chini ni hafifu. Ukiziweka picha mbili pamoja utawaelewa: ile ya 2018 ni kiwanja, hii ni mtambo.

*Nafasi na mwonekano.* Upana ni karibu sawa na wa ile ya mnyororo, sentimita 85, ila kina ni kidogo, sentimita 34. Kimo ndicho cha kuangalia. Ukiiweka juu ya meza ya kawaida ya kulia, kilele kinafika usawa wa uso wa mtu mzima au kuupita. Chini ya kabati la ukutani haiingii. Kwenye kona ya sebule inapendeza mno, hasa ikiwa mwanga unatoka pembeni na vitanzi vinachora kivuli ukutani.

*Gharama.* Ilianza kuuzwa kwa dola 399.99, na mota na kisanduku cha betri vinanunuliwa kando. Hili ndilo lalamiko ambalo naliunga mkono bila kusita. Lifti hii ni ndefu, na kuizungusha kwa mkono kila safari kunachosha haraka, hasa kwa mtoto. Angalia kwanza tovuti rasmi ya LEGO ya nchi unakonunulia kabla hujaenda kwa wauzaji binafsi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kitu cha kushangaza wageni, mpenda mashine, na mzazi anayetaka kumwonyesha kijana wake fizikia kwa macho. Haimfai asiye na subira ya kurekebisha.

Nyumba ya mizimu (10273), kwa kifupi

Kwa nje ni jumba la kale. Ndani kuna lifti mbili zinazopandishwa hadi juu kisha zinaachiwa zianguke na kupunguzwa mwendo zinapokaribia chini. Mwendo wake ni mfupi lakini wa uhakika. Ujenzi ndio mtamu kuliko wote, kwa sababu kila chumba ni tofauti na kingine. Mashabiki wakongwe waliipokea kwa shangwe ya pekee: mwenye jumba ni Baron von Barron, adui katika seti za kale za Adventurers (wasafiri wavumbuzi) zilizoanza mwaka 1998, na kuta zimejaa vitu vya kumkumbusha mtu aliyezijenga utotoni. Kwa asiyejua historia hiyo, utani mwingi utampita, na hakosi kitu kikubwa. Ikifungwa inashika sentimita 25 kwa 25 tu. Haitengenezwi tena. Watoto wadogo wanaoogopa mizimu wafikiriwe kabla ya kununua.

Suala la mota, kwa seti zote

Hakuna hata moja kati ya hizi inayokuja na mota. Jambo linalowaponza wanunuzi ni kwamba LEGO ilibadilisha mfumo wake wa umeme katikati ya hadithi hii. Gurudumu la 2015 lilitengenezwa kwa ajili ya mfumo uitwao Power Functions. Nyumba ya mizimu na rolakosta ya vitanzi zinatumia Powered Up, ambao plagi zake hazifanani na za zamani. Rolakosta ya 2018 iko kwenye mpaka: ilitoka wakati wa mfumo wa zamani, lakini inaweza pia kuwekewa vifaa vya Boost, seti ya LEGO ya kujengea roboti, ili ipate mwendo na sauti. Kwa hiyo usinunue mota kwanza, ukatafuta seti baadaye. Na ukimkuta muuzaji anatoa gurudumu likiwa na mota yake ya zamani pamoja na kisanduku cha betri, mpe uzito, maana kuvitafuta vitu hivyo kimoja kimoja kunachukua muda.

Kisanduku kidogo cha Powered Up kinatumia betri sita ndogo, za ukubwa wa AAA. Za kuchajiwa zinarudisha gharama yake mapema kama bembea itakuwa inazunguka kila wikendi. Sauti ya mota nayo ipo, na chumbani usiku inasikika. Gurudumu kwa mkono halina kelele.

Ukiletewa kutoka nje

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hupata seti hizi kupitia ndugu anayekuja kutoka Dubai, London au Toronto. Boksi la rolakosta yoyote kati ya hizi mbili halikai kwenye begi la kawaida. Ndani yake vipande vimefungwa kwenye mifuko yenye namba. Mwombe ndugu yako aitoe kwenye boksi, aipange kati ya nguo bila kuichana, na kitabu cha maelekezo akilaze chini kabisa. Kitabu kikipotea, maelekezo yanapakuliwa bure kwenye tovuti ya LEGO. Kipande kikipungua, kuna BrickLink, soko la mtandaoni la vipande ambalo LEGO yenyewe ililinunua mwaka 2019. Ila jua kwamba boksi likifunguliwa, thamani kwa wakusanyaji inashuka, kwa hiyo anayenunua kama akiba asitumie njia hii.

Kuhusu nakala za bei poa: kwa gurudumu, kipande kisichobana sana unaweza kukivumilia. Kwa rolakosta, reli isiyokaa sawa kwa unene wa kadi inatosha kusimamisha treni, na kwenye kitanzi hakuna ujanja utakaoiokoa. Hapo okoa fedha zako kwa kuchagua seti ndogo halisi.

Kwa hali yako

Kama una meza ya kudumu na unataka kiwanja cha kuongezea vibanda, miti na watu mwaka hadi mwaka, tafuta ya mnyororo, 10261, na uvumilie bei ya wauzaji binafsi.

Kama nafasi yako ni kona ndefu kwenda juu, na furaha yako ni kuona kitu kigumu kikifanikiwa, 10303. Weka fedha ya mota kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ikishindikana kwa sasa, heri usubiri hadi uipate, kwa sababu bila mota hamu itapungua mapema.

Kama nyumbani kuna watoto wa rika tofauti na unataka wote washiriki, gurudumu ndilo linalogawanyika vizuri kazini. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aahirishe zote nne au ajengee chumba kinachofungwa, maana vipande vidogo ni hatari ya kumkaba.

Kama chumba ni kimoja, kitanda na meza ya kusomea, nyumba ya mizimu inakaa pembeni ya kompyuta bila kugombana nayo.

Na kama tayari unayo ya mnyororo na unajiuliza kama uongeze ya vitanzi, nenda kapime kwanza: mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinahitaji meza ya sentimita 173, bila kuhesabu mahali pa kuweka mkono wako kwenye hendeli.